Nusu Niliyoificha

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Leo nimeita watu msibani. Mama hajafa.

Naandika huku nyuma ya daftari la dawa kwa sababu nisipoandika nitapasuka. Mbele ni mambo ya Sista Anastasia, muuguzi anayemhudumia mama: tarehe, saa, kiasi, vidole. Nyuma ni mimi. Mungu asaidie asije akaligeuza!

Sista kafika asubuhi kwa bodaboda kutoka Mlali, kalowa mpaka magotini. Kaleta ile mofini, dawa ya maumivu makali. Chupa ya kahawia, ndani maji maji tu, wala haina harufu. Nilitegemea kitu cha kutisha zaidi. Kanifundisha kuvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano: mpaka mstari wa tano, unamdondoshea mgonjwa pembeni mwa shavu, polepole. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni. Ya saa nne usiku ni mara mbili, ili alale mpaka alfajiri. Kila nikimpa, naandika. Kasema: Hafidha, mimi nakuja Alhamisi kwa Alhamisi, siku nyingine zote daftari hili ndilo macho yangu.

Na vidole. Mgonjwa akikunja ngumi, hana maumivu. Akifungua kidole kimoja, yapo kidogo. Mkono wote wazi ni yale yasiyovumilika. Mama kafungua mkono wote, tena kaunyoosha mpaka vidole vikatetemeka.

Saa nne kapewa ya kwanza, Sista anaangalia. Sista kaondoka.

Saa saba nachungulia — mama kalala chali, mdomo wazi, kimya. Wiki mbili hajalala saa moja iliyokamilika, tangu turudi kutoka Dar na ile karatasi ya kusema hakuna matibabu zaidi. Analia tu usiku na mchana. Na sasa kimya! Namwita. Namtikisa bega. Kichwa kikaenda upande. Basi mimi nikapiga ukelele. Mtu mzima, miaka thelathini na nne, fundi cherehani anayeogopwa na wateja wake wote pale Mzumbe — nikatoka uani nikapiga ukelele wa msiba.

Bi Maimuna jirani kafika wa kwanza, kanga kichwani, machozi tayari. Wakafuata wa bondeni. Mtu keshaanza kuulizia majembe. Ndipo sauti ikatoka chumbani: nani kafa?

Mama! Anataka uji.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikaa palepale kwenye matope. Bi Maimuna ananinyanyua huku ananinong'oneza: hiyo dawa anaijua, ndiyo aliyopewa Mzee Twalibu, na siku ya tatu wakamzika. Ni dawa ya kumsindikiza mtu, kasema.

Saa nane sikumpa kitu. Saa kumi na mbili nimevuta, nikaishia mbili na nusu.

Mbele nimeandika tano, zote mbili.


Jumanne, 8 Aprili

Mjomba Luqmani kaja. Kaka yake mama, tumbo moja, na ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama — baba anakupenda, mjomba anakuamuru. Habari za msiba wangu wa uongo zilivuka mlima zikamfikia kabla sijaosha vyombo.

Nimempa shikamoo, kaitikia anaangalia migomba. Kaenda kukaa na mama. Katoka. Kauliza: dawa hii inaponya? Nikasema haiponyi, Mjomba, inatuliza. Kama haiponyi ya nini? Nikasema ili asilie.

Kasema hatanikataza, mimi ndiye ninayeuguza. Ila nijue jambo moja: dada yake akikata roho na bomba langu mdomoni, ukoo utakaa, na atakayeulizwa siyo Sista. Ni mimi. Hakupandisha sauti hata kidogo! Alikuwa karani wa ghala la ushirika miaka ishirini, anaongea kama anasoma orodha. Bora angefoka.

Nusu inayobaki naitoa chupani ili Sista aone imepungua, ila siimwagi. Nimejaribu jana nikashindwa. Mtu analilia dawa, wewe unaimwagia migomba? Naitia kwenye chupa ya plastiki ya maji. Nimeifunga uzi mwekundu shingoni ili mtu asije akainywa, nimeichimbia chini kabisa ya mfuko wangu wa vitambaa. Kila nikimaliza kuificha naenda tena kuangalia kama ipo.


Alhamisi, 10 Aprili

Sista kaja. Kasoma daftari mstari kwa mstari, kidole kinashuka. Tano, tano, tano, tano, kumi. Kanisifu mwandiko!

Kamuuliza mama vidole. Mama kafungua vinne. Akafikiri, akaongeza na dole gumba.

Sista kakunja uso. Kanivuta nje. Unampa yote? Nikasema yote. Hatapiki? Hatapiki. Basi tuipe siku chache, kasema, mwili mwingine ni mgumu. Kanipa na ya kulainisha choo, kasema ikiisha nisage mbegu za papai zilizokaushwa, kijiko kimoja.

Kwa nini nisiseme? Naandika hapa nijijibu. Kwanza aibu. Pili nilidhani atachukua chupa yake akampe anayejua kuitumia — wagonjwa wako wengi huko chini. Tatu nilishamjibu kwamba nampa yote, na neno likishatoka linakuwa na miguu.

Nikamuuliza kwa kuzunguka: Sista, hii inaweza kumzimisha mtu? Hakunicheka. Kasema ukimpa kiasi alichozoea, haimzimishi. Hatari ni kuruka — leo kidogo, kesho mara nne. Ndiyo maana tunaandika. Ukiogopa, kasema, hesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa. Zikiwa kumi na kuendelea, na ukimwita anaitika hata kwa kope, mwache alale. Zikiwa chini ya nane, au haitiki kabisa, usimpe nyingine, nipigie palepale.

Nimpigie kwa lipi? Hapa kwetu shimoni hakuna mtandao. Mpaka upande mlima hadi kule kwenye jiwe, nusu saa kama hakuna utelezi. Na masika haya utelezi haukosekani.

Kabla hajaondoka kamuuliza mama, Bi Mwaisha, unatamani nini? Nikajua atasema kupona. Mama kasema anatamani kukaa barazani amenyooka amenye njegere. Basi! Njegere.


Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimekaribia kufa mimi.

Niko jikoni. Bi Maimuna kaingia kutafuta kiraka cha kushonea mto, kazoea nyumba, kajihudumia. Natokea — kashika ile chupa. Uzi mwekundu unaning'inia. Maji haya ya nini, mbona umeyafungia chini ya nguo?

Ulimi ukaniponyoka: ya zamzam.

Jamani! Kwa nini zamzam? Kwa nini nisiseme mafuta ya taa? Bi Maimuna kafumba macho, kasema bismillahi, kafungua kifuniko. Goti lake limevimba tangu Ramadhani, anataka funda moja tu la baraka, na lingine tumpe mgonjwa. Nimeruka nikamnyang'anya. Nimemnyang'anya bibi wa miaka sabini! Nyingine imemwagikia kwenye kanga yake. Kaniangalia kama mtu asiyenijua. Kasema hajawahi kuona mtu mchoyo wa maji ya Mungu. Kaenda zake bila kiraka.

Nimehamishia chupa juu ya dari, kwenye ufa.

Mama vidole vitano. Nimempa mbili na nusu. Nimeandika tano.


Jumatatu, 14 Aprili

Vitano. Vitano. Vitano.

Kalia kutoka asubuhi. Kisha kanyamaza ghafla. Nikakimbia — kumbe kajaza pindo la kanga mdomoni, kaliuma, ili Bi Maimuna asisikie. Jasho linamtiririka mpaka kwenye masikio.

Saa nane nilivuta mpaka mstari wa nne. Nikaangalia. Nikarudisha mpaka mbili na nusu. Naichukia mikono yangu.

Yunusi, mume wangu, katuma ujumbe kwa kijana wa bodaboda, anauliza naonaje hali, nitarudi lini kufungua kibanda cha cherehani, sare za shule zinadaiwa. Nimejibu bado. Bado nini? Sijui mwenyewe.


Jumatano, 16 Aprili

Nimemwosha mama. Amebaki mifupa na macho. Maji nimeyapasha, bado kila nikimgeuza anavuta pumzi kwa meno.

Katikati ya kuoshwa kaniambia nisimlaumu Sista. Nikasema simlaumu. Kasema mwambie dawa yake ni nzuri, ile siku ya kwanza nililala nikaota niko shambani na marehemu mama yangu. Dawa nzuri, mwanangu. Mwili wangu ndio umekuwa mbaya, unaikataa.

Nikamwambia mama nyamaza uoshwe. Kwa ukali! Nikatoka na beseni nikasimama kwenye migomba nikalia mpaka maji yakapoa. Kweli nilitaka kurudi nimwambie. Maneno nilishayapanga: mama, siyo mwili wako, ni mimi. Nilipoingia alikuwa kauma kanga.

Namwogopea kufa. Hilo ndilo, sina lingine. Nikimpa tano akafa, nimemuua. Nikimpa nusu akalia, yuko hai, namsikia. Nilijiona mwenye huruma kumbe namtesa ili mimi nisiogope. Nimeliandika, lipo, na bado saa kumi na mbili nimempa nusu.


Alhamisi, 17 Aprili

Nimechafua kila kitu.

Nilijiapiza nitamwambia Sista leo. Nilijikaza. Kaja saa tano, kasoma, kamtazama mama mwenyewe muda mrefu, kamshika tumbo na miguu. Mama alipiga kelele alipoguswa nyonga. Sista machozi yakamlenga, na ni mtu wa kazi hiyo miaka yote! Kasema haiwezekani mtu akae hivi siku kumi. Kasema tano haimtoshi kabisa.

Kachukua kalamu yake nyekundu. Kaandika mbele, kwa herufi kubwa: KUMI. Kapiga mistari miwili chini. Ya usiku ishirini. Kanieleza mimi: ametoka kwenye tano, mwili wake umeshaizoea, kumi haitamsumbua, kuanzia leo jioni.

Ametoka kwenye tano! Hajatoka kwenye tano. Yuko kwenye mbili na nusu. Mimi nakata nguo, hesabu naijua — mbili na nusu mara nne ndiyo kumi. Leo kidogo, kesho mara nne. Maneno yake mwenyewe.

Nikafungua mdomo. Akawa anaongea: kesho ni Ijumaa Kuu, asubuhi atakuwa hewani, ila ibada ni saa tisa, yeye yuko kwaya, saa nane na nusu anazima simu mpaka watoke kanisani. Nikamsindikiza mpaka njiani. Bodaboda inanguruma. Kaweka mkono begani kwangu, kasema anajua wauguzaji wengi, ila mimi namfurahisha, daftari langu ni safi.

Nikasema asante Sista, Pasaka njema.

Pasaka njema! Ndiyo niliyoweza. Nimesimama pale njiani mpaka mlio wa pikipiki ukapotea bondeni, ndipo nikasema kwa sauti, peke yangu: nilikuwa nampa nusu.

Jioni nimevuta. Kumi ni karibu kujaza bomba zima. Sikuweza. Tano pia nimeiogopa, maana akizidiwa nitajuaje ni dawa au ni ugonjwa? Mbili na nusu. Nimeandika kumi.


Ijumaa, 18 Aprili, saa tano asubuhi

Usiku sitausimulia.

Kumekucha mama hanijui. Ananiita mama. Anasema mama nitoe huku. Saa nne nimempa ileile nusu, kaitema nusu yake.

Nimeamua. Nitapanda kwenye jiwe nimpigie Sista kabla hajaenda kanisani, nimwambie yote, anitukane, kisha aniambie nimpe ngapi. Namsubiri Mjomba Luqmani. Kaahidi kuja akishaswali Ijumaa, akae naye. Nitakuwa nimerudi kabla ya saa nane, dawa nitampa mwenyewe.

Mvua inajikusanya upande wa Mzumbe. Mjomba fanya haraka.


Ijumaa hiyohiyo, saa kumi na nusu jioni

Niandike kwa mpangilio. Naandika huku nahesabu. Kumi na moja. Dakika moja, pumzi kumi na moja.

Mjomba kachelewa, kafika saa saba na dakika arobaini. Nimemwambia naenda kwenye jiwe kupiga simu, narudi sasa hivi, dawa asiguse. Sikumbuki kama nilisema asiguse. Nilidhani nimesema. Daftari nililiacha juu ya kigoda.

Mvua imenikuta njiani. Nimeanguka mara mbili, kiatu kimebaki kwenye tope. Kwenye jiwe nimefika saa nane na dakika ishirini na tano. Nikapiga. Inaita, haipokelewi. Nikapiga. Inaita. Mara ya tatu — imezimwa. Nimetuma ujumbe, vidole vimekufa ganzi: Sista nisamehe, tangu siku ya kwanza nilikuwa nampa nusu, mbili na nusu siyo tano, na hiyo kumi sijampa, nifanyeje. Nikasubiri mpaka saa tisa na nusu. Hakuna. Nikashuka.

Nakaribia nyumbani — kimya. Nilizoea kumsikia kuanzia kwenye wembamba wa njia. Kimya!

Mjomba kakaa barazani, kanzu ya Ijumaa bado mwilini, anatabasamu. Mjomba Luqmani, anatabasamu! Kaniambia nitembee polepole, amelala.

Kanihadithia. Nilipoondoka tu kaanza kupiga kelele. Mjomba kavumilia. Saa nane imefika, sijarudi. Dada yake anamshika kanzu, anamwambia kaka niue. Saa nane na robo. Saa nane na nusu. Ndipo akaliona daftari. Kasoma: saa nane, KUMI, mistari miwili myekundu. Kaona jinsi nilivyoandika safi kila siku. Kavuta mpaka mstari wa kumi, kampa pembeni mwa shavu, kama alivyoniona nikifanya, kisha kaandika. Hata mimi nimeweza, kasema.

Nikakaa kwenye kizingiti.

Kaendelea. Baada ya nusu saa hivi mama kafumbua macho yamekaa sawa. Kamjua. Kamwita jina la utotoni. Kaomba kukaa. Mjomba kambeba — hana uzito, kasema, kama kapu — kamleta barazani, kamwegemeza na mto. Kaomba njegere! Mjomba kachuma pale ukingoni. Mama kamenya. Kamcheka Mjomba jinsi alivyopigwa na nyuki utotoni, kacheka mpaka akakohoa. Kauliza Hafidha yuko wapi, mwite aone. Kisha kasema amechoka, Mjomba kamrudisha kitandani.

Maganda yapo hapa barazani. Nimeyahesabu. Tisa. Njegere zipo kwenye kisahani. Mama kaniita nione na mimi nilikuwa juu ya jiwe.

Siku kumi na moja hiyo nusu nimeificha!

Mjomba kaniuliza — bila ubaya, anauliza kweli: sasa hii dawa inamlaza hivi, siku zote hizo ulikuwa unampaje?

Nikasema ngoja nimwangalie mgonjwa.


Saa kumi na moja na dakika kumi

Tisa.

Nimehesabu tena. Tisa. Sista kasema kumi mwache, chini ya nane nipigie. Hakusema tisa ni nini! Na tisa siyo kumi, na siyo chini ya nane.

Mdomo wazi, vilevile kama ile Jumatatu. Lakini uso siyo uleule. Mkunjo wa kati ya nyusi haupo. Niliuzoea ule mkunjo nikadhani ndiyo sura yake. Huyu hapa namwona mama wa zamani, na namwogopa. Siwezi kujua kama hivi ndivyo mtu anavyopumzika au ndivyo anavyoondoka. Ningejuaje? Sijawahi kumwacha apumzike.

Nimemwita. Mama. Mama. Mama, ni Hafidha.

Kope — sina hakika. Labda nilitikisa kitanda.

Nimemshika mkono. Nikasema mama, vidole. Nionyeshe vidole. Mkono umekunjwa. Ngumi. Tangu Sista atufundishe, sijaona ngumi. Sasa hii ni jibu, au ni mkono wa mtu aliyelala tu? Nimeufungua polepole, kidole kimoja kimoja. Nimeuachia. Ukajikunja tena.

Nataka kupiga ukelele. Nimeuma kanga.


Saa kumi na moja na nusu

Kumi. Kisha tisa.

Sista akitoka kanisani atawasha simu. Ujumbe ataukuta. Akijibu, jibu litakaa kule juu kwenye jiwe, mimi niko huku. Nikipanda namwacha mama na Mjomba, na Mjomba sasa anajua kuvuta. Nikibaki sijui la kufanya. Labda Sista atakuja mwenyewe. Kwa njia hii? Kwa giza linalokuja?

Mjomba hajui kitu. Anajiona kamsaidia dada yake — na kamsaidia! Yeye, aliyesema ukoo utaniuliza mimi. Mama akifa jioni hii, mkono uliompa ni wake. Atabeba hilo mpaka kaburini, na atalibeba kwa sababu aliniamini mwandiko. Kesho kutwa ukoo utakuja kumjulia mgonjwa hali. Nani ataulizwa?

Katupia jicho saa yake. Kasema imebaki nusu saa, dada apate na ya saa kumi na mbili kabla maumivu hayajarudi, tusiyaache yarudi tena. Kama Sista mwenyewe! Keshaosha bomba. Kaenda kutawadha, akirudi atampa kwanza ndipo aswali.


Saa kumi na moja na dakika hamsini

Tisa.

Namsikia anamimina maji ya udhu, mkono, mkono, uso.

Nimegeuza daftari mbele. Kila palipo tano ya uongo nimekata, juu yake nimeandika 2½. Tano za Jumatatu, ila ya saa nane nimeweka 0. Za Jumanne zote. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Za usiku, kumi, nimekata, 5. Nimefika jana. Kumi — nimekata, 2½. Ishirini ya usiku, 5. Kumi za leo asubuhi, 2½. Wino umechafuka, ukurasa mzima ni makovu. Mwandiko safi umekwisha. Ukiacha ile ya kwanza niliyompa mbele ya Sista, imebaki moja tu sijaigusa, ya leo saa nane, hati ya Mjomba, ya karani, imenyooka: kumi. Hiyo peke yake ndiyo ya kweli.

Nikakumbuka huku nyuma, nilikoandika yote. Naye anajua kusoma.

Mama kahema kwa nguvu, mara moja. Kanyamaza. Nasubiri nyingine. Nasubiri. Imekuja.

Miguu ya Mjomba kwenye kizingiti, imelowa. Kachukua chupa, kachukua bomba, kaenda dirishani kwenye mwanga. Kavuta. Anaangalia mstari kwa jicho moja. Bila kugeuka kaniambia kumi, siyo? Kisha kanyoosha mkono wa pili nyuma yake, kasema lete hilo daftari nihakikishe.